Kuoanisha majina ya magonjwa na ICD-10: kumbukumbu ya kundi la tatu

Tunaoanisha majina ya magonjwa ya Kiswahili na misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa. Kundi hili lina maneno 50, sawa na yaliyotangulia. Kila neno linapitiwa na watu wawili, kila mmoja kwenye nakala yake bila kuona ya mwenzake. Wakitofautiana, mtu wa tatu, ambaye lazima awe tabibu, ndiye anayeamua na kuandika sababu. Zaidi ya maneno 50 kwa kikao hatuongezi: watu wakichoka huanza kukubaliana ili wamalize.

Safari hii jedwali letu la kompyuta limeongezwa safu moja, nayo ni ya sentensi. Awali lilibeba neno, msimbo, kiwango cha ulingano na aliyeoanisha. Sasa neno haliingii bila sentensi ambamo limetumika, na lililotulazimisha ni "presha". "Nina presha" aghalabu ni I10, shinikizo la juu la damu. "Presha imepanda leo", kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana ugonjwa huo, ni R03.0, yaani kipimo kimesoma juu tu. "Presha ya kushuka" ni I95. Neno moja limezaa mistari mitatu. Bila sentensi, wote wawili huandika I10, nakala zinalingana, na kosa halionekani popote.

"Degedege" ni ngumu zaidi. Ikitokana na homa kwa mtoto, R56.0 inafaa. Malaria ya falsiparamu ikiwa imefika kwenye ubongo, ni B50.0. Lakini sentensi nyingi husema tu "alipata degedege", na hapo hatuna haki ya kumchagulia mgonjwa malaria. Tumeweka R56.8, isiyobainishwa, hata kama anayesoma anahisi anajua kilichotokea.

Programu inayopendekeza misimbo kwa kufanana kwa maneno iliipa "kifafa cha mimba" G40, ambao ni msimbo wa kifafa. Sahihi ni O15, eklampsia, ugonjwa mwingine kabisa unaotaka matibabu mengine. Kibaya zaidi, pendekezo likishaonekana, jicho hulifuata. Sasa mapendekezo yanafichwa hadi wote wawili waandike majibu yao.

O15 hiyo hiyo ilituonyesha hitilafu nyingine. Ukiandika sifuri badala ya herufi O, jedwali linaichukulia 015 kuwa namba, linaondoa sifuri na kubakiza 15. Safu ya msimbo igeuzwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote; ukiigeuza baadaye, sifuri haitarudi. Pia tumeweka kanuni kwamba msimbo usioanza na herufi unageuka mwekundu. Kanuni hiyo hainasi kosa la I10 kuandikwa kwa l ndogo: herufi zikikuzwa, inakuwa L10, pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge ya ngozi. Ni msimbo halali, kwa hiyo dawa pekee ni kuvuta jina rasmi la msimbo kwenye safu ya jirani na kulisoma. ICD-11, toleo lililofuata, imeacha kutumia herufi I na O, lakini ina mtego wake: 1E30, mafua ya msimu, jedwali huisoma kama moja yenye sifuri 30.

Viwango vya ulingano ni vinne: sawa, pana, finyu, hakuna. Watu walikuwa wakigeuza pana na finyu kwa sababu hawakujua kipi ni pana kuliko kipi. Kichwa cha safu sasa kinasomeka "neno letu, likilinganishwa na msimbo, ni…", na "pepopunda" imewekwa kama mfano: ni pana kuliko A33, ya watoto wachanga, na kuliko A34, ya uzazi. A35 ni ya pepopunda nyingine, kwa hiyo nayo haiwi "sawa".

Kundi la nne linaanza na "vidonda vya tumbo". K25, K26 na K27 ziko tayari, ila sentensi zilizokusanywa nyingi zinaelezea kiungulia na tumbo kujaa, bila kipimo chochote. Hizo zitajadiliwa na tabibu kwanza, kabla hazijagawiwa.