Karafuu ambayo haikuwemo

Kuna mgeni mmoja wa Ubelgiji alikaa hapa kwetu Paje, Unguja, karibu wiki mbili, mtu mkimya, kila jioni anakuja kaunta anaagiza bia moja ya Safari halafu anaikumbatia mkononi mpaka inapata joto ndo anaanza kunywa, mi namwangalia tu nasema moyoni huyu angezaliwa Moshi angekuwa wale wazee wa "niletee ya moto". Siku anaondoka akanipa kichupa kidogo cha 33 cl kakiviringisha kwenye soksi, akasema nimetoka nacho nyumbani ila kwa joto hili la kwenu sikupata hamu ya kukifungua, we mtu wa bia utakielewa, ila usikinywe kikiwa baridi sana. Nikamwambia asante sana bosi. Halafu nikaenda kukitia friza.

Najua jamani. Lakini miaka tisa nauza bia kisiwani, mkono unajipeleka wenyewe.

Kwenye lebo imeandikwa Black Albert, ya De Struise, kijiji kinaitwa Oostvleteren huko Flanders Magharibi, kilevi asilimia 13. Kumi na tatu! Bia zetu, Kilimanjaro ni 4.5, Safari 5.5. Nikapiga hesabu za kaunta, kile kichupa kimoja kina kilevi karibu sawa na Kili kubwa mbili, na umekishika kama chupa ya dawa ya kikohozi. Aina yenyewe inaitwa imperial stauti, yaani bia nyeusi kali, hilo jina la kifalme limetoka Urusi kwa sababu miaka ya 1700 viwanda vya London vilikuwa vinapeleka stauti kali mpaka kwenye kasri la Malkia Catherine.

Basi nikatoka shifti saa nne usiku, nikakaa pale nyuma ya jiko kwenye ile meza ya plastiki, nikafungua. Ilimiminika taratibu mno, kama mafuta ya kupikia yaliyokaa kwenye friji. Nyeusi tititi, nikawasha tochi ya simu nikaiweka nyuma ya glasi, wapi, hakuna kinachopita. Povu lake lina rangi ya chai ya maziwa iliyokolea majani, likakaa kidogo likashuka. Nikapiga funda. Uchungu, na kama kahawa iliyolala, halafu kitu kikali kinapanda puani. Basi. Nikajisemea hii ndo ile imesafirishwa kwenye soksi kutoka Ulaya? Kiukweli nilikasirika, nikaisukuma pembeni, dada akanipigia kutoka Kibosho tukaongea mambo ya shamba nusu saa nzima, na dada akianza habari za mpaka na jirani ujue hatoki leo.

Narudi kwenye glasi, siyo ile bia.

Yani baridi ilikuwa imeifunga mdomo. Sasa inanuka kahawa, lakini kahawa ile ya Jaws Corner kule Mji Mkongwe, ya kwenye vikombe vidogo, iliyokaangwa mpaka inakaribia kuungua, na hiyo haishangazi sana maana weusi wote ule ni shayiri iliyokaangwa hivyo hivyo kama buni. Chini yake tende. Halafu ile sukari inayogandia pembeni ya sufuria ya haluwa, ambayo watoto wanaigombania. Nikavuta tena, ndizi mbivu, zile zilizoanza kuwa na madoa, nikacheka peke yangu, maana mi nimekulia kwenye nyumba ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na harufu hiyo huwezi kunidanganya, kasoro ulezi na lile gome chungu la msesewe tu. Na nyuma kabisa, wakati nishameza, kuna kitu kinachochonyota kwenye ufizi. Nakijua, nakijua, kinaitwa nani vile.

Jibu sikulipata mimi. Tuna mzee wetu wa ulinzi, Mpemba wa Mtambile, amechuma karafuu tangu mtoto mpaka magoti yakakataa kupanda. Yeye kilevi hagusi na mi simkaribishi hata kwa utani, tunaheshimiana hivyo. Alikuwa anapita na fimbo yake, kusi linavuma kutoka kwangu kwenda kwake, akasimama kama hatua nne hivi.

"Mwanangu, nani kaanika karafuu huko?"

Nikamwambia shikamoo Mzee, hakuna karafuu hapa, ni hii bia. Akakunja uso lakini hakuondoka, akavuta hewa mara mbili kama mtu anayepima mzigo.

"Karafuu hii haikupata jua. Imekusanywa chungu moja na maji yake, ikaanza kuvunda. Hii ukiipeleka kituo cha kuuzia karafuu wanakurudishia na gunia lako."

Sasa mi hapo ndo nilibaki mdomo wazi, maana kweli ndo hiyo, karafuu yenye unyevu! Na humo ndani yule mgeni aliniapia hawakutia hata tumba moja. Hamira nyingi za Wabelgiji ndo zina hiyo tabia, zikifanya kazi kwenye kimea zinaacha harufu zake, kuna ya ndizi na kuna hii ya karafuu. Hii wataalamu wanaiita vinaili-gwayakoli, na ile inayofanya karafuu halisi inukie ni yujenoli, ukiangalia zilivyoundwa ni ndugu kabisa, zimetofautiana mkia tu. Stauti za kawaida wanatumia hamira tulivu, unapata kahawa na chokoleti yako unaenda kulala.

Niliijaribu na kipande cha haluwa, hapana, utamu juu ya utamu, ulimi ukachoka. Kashata ya njugu ilikubali zaidi, sijui ni ile chumvi. Na nitasema ukweli, robo ya mwisho haikunifurahisha, maana Paje usiku ule ule joto halikai mahali pamoja, bia ikapita pale pazuri pake, ikawa ya moto kweli kweli na kilevi kikaruka mbele, imeanza kunikumbusha gongo. Naona ungeitoa friji ukaiacha robo saa tu hivi, glasi ndogo ndogo, mkiwa wawili.

Mzee alikuwa bado kasimama.

"Hamna hata chembe ya karafuu humo?"

"Hamna Mzee. Hamira tu."

"Na hao watu kwetu hawanunui?"

"Kwa bia hii, hawanunui."

Akatikisa kichwa, akawasha tochi yake.

"Wezi hao," akasema, akaenda kuzunguka ukuta.