Mkasi wa Desemba

Mkasi wenyewe haufiki hata nusu kilo. Ulianguka chini ya cherehani, nikainama kuuokota bila kunyanyuka kwenye stuli, nikajipinda kidogo kushoto, kiuno kikashika papo hapo. Kuinuka siwezi, kwenda chini siwezi. Nikabaki hivyo barazani, Moshi mjini, wateja wakidhani natafuta sindano.

Ilikuwa Desemba 2017. Anayeijua Moshi anaijua Desemba yake: Wachaga wamerudi nyumbani toka kila kona, kuna kipaimara, kuna harusi, na kila mtu nguo anaitaka kesho. Nilikuwa nakaa kwenye stuli isiyo na egemeo tangu saa moja asubuhi mpaka saa nne usiku.

"Hizo ni figo, dada," alisema fundi mwenzangu. Mama mkwe yeye akasema ni baridi ya mlimani. Nikalala siku nne nikingoja kiuno kiachie. Wapi! Maumivu yakateremka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja hadi kigimbi, na kidole gumba cha mguu kikafa ganzi. Nikikohoa, machozi. Mwanangu wa miaka miwili akawa ananyoosha mikono nimbebe, namgeuzia uso.

Hospitalini wakapima mkojo. Figo hazina neno. Mama wa tiba ya viungo akanilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka. Haujafika mbali nikapiga yowe. Kisha akauliza habari za stuli, za mkasi hakujali. Akasema pingili 5 za kiunoni ndizo zinazobeba kiwiliwili chote, na kati yake kuna diski, kama visahani laini. Ukikaa umejikunja miaka nenda rudi, diski huchoka. Moja ikitokeza nyuma hubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Mkasi ulimalizia tu.

"Na huko kulala ndiko kulikokuzidishia, mama. Misuli imelegea. Tembea." Akanionya nirudi mbio nikishindwa kuzuia mkojo, au nikifa ganzi katikati ya mapaja. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikatembea, kutoka Majengo hadi soko la Mbuyuni, mwendo wa bibi kizee. Nguo 11 niliwagawia wenzangu. Mteja mmoja hadi leo hanisalimii kwa ajili ya gauni la kipaimara.

Februari nilirudi barazani na kiti chenye egemeo. Uzi wa bobini ukiisha, nasimama, najinyoosha. Mama mkwe alipokuja kunitazama alinifunga khanga kiunoni, akaikaza. Baridi, alisema.