Saa nane usiku na sitari ya Vilayat Khan

Jana mtoto alikuwa na homa nikakesha naye, kwenye saa nane hivi homa ikashuka akalala juu ya mkono wangu, mi sasa naogopa hata kujigeuza. Nikaweka hedifoni sikio moja nikaiwasha ile rekodi ya Vilayat Khan, mpiga sitari wa India, ile ala ya nyuzi, anapiga raga ya Darbari Kanada (raga ni mpangilio wa noti ambao mpigaji anaujengea muziki wake), ipo kwenye simu siku nyingi. Na niseme ukweli, siku zote nilikuwa naruka mwanzo wake, alapu, maana hakuna tabla, zile ngoma ndogo mbili za mkono, wala mdundo, sitari peke yake inatambaa taratibu, mi nakimbilia pale tabla inapoingia. Jana mkono wa kurukia sikuwa nao.

Jamani ile alapu! Darbari ni raga ya usiku mkubwa, wenyewe wanasema ilitoka kwa Tansen, mwimbaji wa mfalme Akbar, na ina noti moja wanaiita ga ambayo haiachwi isimame imetulia, inayumbishwa polepole, inaenda inarudi. Vilayat anadonoa waya mara moja tu halafu anauvuta pembeni kwa kidole na sauti inapanda noti tatu, nne, inashuka tena bila kupigwa, na zile nyuzi nyembamba za chini ambazo hajazigusa zinaitikia zenyewe. Nikajikuta nambembeleza mwanangu kwa mwendo huo huo wa ga.

Vilayat Khan alizaliwa 1928, baba yake Enayat Khan naye mpiga sitari mkubwa, ila baba alifariki Vilayat akiwa bado mtoto. Kwa mama yake walikuwa waimbaji, na kijana alipenda sana kuimba, ila inasimuliwa mama ndiye aliyemkatalia, sitari ndiyo urithi wa baba yako, shika hiyo. Akashika, lakini kuimba hakukumtoka moyoni, mpaka sitari yenyewe akaibadilisha, zile nyuzi nzito za besi akazitoa, akatafuta namna ya kuufanya waya uvute pumzi kama koo la mtu. Mi nikisikia ile sauti inavyopanda namsikia yule mtoto aliyekatazwa, nashindwa kusikia kitu kingine, na jana nililia kidogo gizani.

Tabla ilipoingia mtoto alishageukia ukutani, mkono uko huru. Nikarudisha mwanzo.