Kiwiko kwanza, bomba lililonyooka baadaye

Wiki hii nimekuwa juu ya jukwaa la kazi na kipimo cha unene wa ukuta wa bomba, kwenye mtambo mmoja wa umeme wa mvuke wa ardhini huku Bonde la Ufa. Vijana wa mafunzo wakaniuliza, mbona hatupimi bomba lote? Jamani, kilomita kwa kilomita za chuma, tutamaliza lini?

Tunajiuliza mambo mawili tu: sehemu hii ina uwezekano gani wa kutoboka, na ikitoboka nani ataumia, umeme kiasi gani utapotea? Majibu hayo ndiyo yanayopanga foleni. Bomba lililonyooka la mvuke mkavu, mbali na njia ya watu, linaweza kusubiri. Kiwiko, yaani kona ya bomba, karibu na kisima cha mvuke, ambako mvuke na maji hupita pamoja kwa kasi, hakisubiri. Matone hugonga upande wa nje wa kona na kuula ukuta kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Mimi binafsi naogopa zaidi kutu iliyojificha chini ya kizuia joto, lile vazi linalozungushiwa bomba na kufunikwa kwa bati. Maji ya mvua hupenya kiungo cha bati kilicholegea. Bomba lenye joto kali sana huyakausha. Linalozimwa na kuwashwa mara kwa mara ndilo huliwa. Kwa hiyo tunafungua bati upande wa chini, maji yanakotuama.

Na vijana, kipimo cha gesi kisitoke kifuani. Haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu inayotoka na mvuke, ikizidi, pua huacha kuisikia.

Kiwiko kimoja kimeingia orodha ya kubadilishwa mtambo ukizimwa. Kesho tunapanda kwenye vitenganishi, matangi yanayotenga mvuke na maji.