Nilivyomlinda mdogo wangu baada ya kuacha unga

Mdogo wangu alipotoka kwenye nyumba ya waraibu, ndugu wote walishangilia. Alikuwa amenenepa, anakula, analala. Kwangu hofu ndiyo ilianza hapo. Muuguzi alikuwa ameshanieleza kwamba mwili ukikaa hata wiki chache bila heroini, ndiyo huo unga, hupoteza uwezo wa kuihimili. Mtu akirudia kipimo chake cha zamani, kilekile alichokizoea kila siku, pumzi inaweza kukatika. Ndiyo maana wengi hufa punde tu baada ya kutoka kwenye tiba au gerezani.

Arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga, tulikuwa tumeshaipita: miayo, makamasi, tumbo kukata, mifupa kuuma, usiku kucha bila usingizi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, kisha ndani ya wiki hivi hutulia. Hamu ya unga haifuati kalenda hiyo. Hukaa miezi, hata miaka.

Basi nikakaa naye nikamwambia, "Sitaki urudie. Lakini ikikushinda, usijifungie peke yako, na usichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi." Akanitazama, akasema, "Dada, wewe ndiye wa kwanza kuniambia hivyo." Wapo walionilaumu kwamba nampa ruhusa. Sijali. Maiti haipati nafasi ya pili ya kuacha. Nikatafuta naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, na kila aliyekuwa nyumbani nikamwonyesha inavyotumika.

Na alirudia. Mlango haukuwa umefungwa, na hilo ndilo lililomwokoa. Nilimkuta midomo imekuwa ya bluu, anakoroma kwa sauti ya majimaji, nimemtikisa haamki. Nikaagiza gari la wagonjwa liitwe, nikampulizia dawa, nikainua kidevu chake na kumpulizia pumzi mdomoni. Baada ya dakika chache akavuta pumzi mwenyewe. Aliamka na arosto kali, ana hasira, anataka kuondoka. Nilikataa katakata. Naloksoni hufanya kazi kama dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kubaki mwilini zaidi ya hapo. Mtu anaweza kuzimika tena baada ya dawa kuisha nguvu. Tulikwenda hospitali.

Kutoka hapo tukaingia kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya unga. Baba alipinga sana: "Mnamtoa kwenye unga mnampeleka kwenye unga mwingine?" Nilimjibu kwa heshima kwamba Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, huanza kwa kipimo kidogo kinachopandishwa taratibu, na kikishakaa sawa mtu hapati arosto wala halewi. Anakuwa na akili ya kufanya kazi. Baba alinyamaza, lakini kesho yake ndiye aliyemsindikiza kliniki.

Kliniki walimpima pia. VVU hakuwa navyo, homa ya ini aina ya C alikuwa nayo, kwa sababu ya kuchangia sindano. Ugonjwa huo siku hizi unapona kwa vidonge, kwa kawaida vya wiki 8 hadi 12, naye alivimaliza.

Bado anakunywa methadoni, na daktari hana haraka ya kuipunguza. Mimi pia sina.