Dirisha Moja, Uso Mmoja

Mkufunzi alibandika masharti mlangoni tangu usiku, kwa hiyo tulipoamka hapakuwa na la kuuliza. Lenzi ya milimita 50 tu. ISO 400 tu, yaani kiwango kimoja cha wepesi wa kamera kupokea mwanga. Picha 36, kama zilivyokuwa kwenye mkanda mmoja wa filamu. Kioo cha nyuma ya kamera kizibwe kwa utepe hadi jioni. Watu wawili wawili wapewe chumba chenye dirisha moja: asubuhi mmoja ampige picha mwenzake, mchana wabadilishane.

Nilikuwa nimekwenda kwenye kambi ile ya upigaji picha kwa ajili ya mandhari. Nyumba tuliyofikia ilitazama ziwa, na wengi wetu tulibeba tripodi na vichujio tukiwazia mapambazuko. Mapambazuko tuliyapata siku nyingine, tena mazuri. Lakini kila nikiulizwa kambi ile ilinipa nini, ninaitaja siku tuliyoshinda ndani.

Mwenzangu alikuwa muuguzi mstaafu, amenizidi umri kwa mbali, na kambi nzima ilimwita Mama. Kamera aliinunua baada ya kustaafu. Aliniambia mapema, "Mwanangu, kupiga napenda. Kupigwa sipendi." Nikamjibu kwamba tutakwenda taratibu, na akichoka tutapumzika. Akavuta kiti karibu kabisa na dirisha, akaweka mikono mapajani, akakaza uso kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Jua halikuingia moja kwa moja kupitia dirisha lile. Alipokaa karibu nalo, lilikuwa chanzo kikubwa cha mwanga mbele ya uso mdogo, na vivuli vilitambaa polepole kutoka shavuni hadi sikioni bila ukingo wowote. Upande wa pili wa uso, pamoja na ukuta wa nyuma, vikazama gizani haraka. Nikamwomba arudi nyuma hatua chache. Mwanga ukafifia, kivuli cha pua kikapata ukingo, na ukuta ukaanza kuonekana, kwa sababu sasa yeye na ukuta hawakutofautiana sana kwa umbali kutoka dirishani. Mambo haya nilikuwa nimeyasoma mara nyingi. Kuyaona yakitokea usoni mwa mtu kwa kusogeza kiti tu, huku kamera ikiwa bado mapajani, ni elimu ya namna nyingine kabisa.

Mama alivaa gauni jeusi, na ukuta ulikuwa wa kahawia iliyokoza. Kipimamwanga cha kamera hufanya hesabu kana kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Kikikutana na giza jingi hutaka kuling'arisha, na ngozi nyeusi hupauka. Mkufunzi alipopita aliniambia nipunguze stopu moja, yaani mwanga unaoingia uwe nusu. Kisha akaongeza kwamba ngozi nyeusi haiombi mwanga mwingi, inaomba mwanga wa ubavuni, ule unaoteleza juu ya paji la uso na mfupa wa shavu.

Jana yake usiku alikuwa ametuonyesha picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kufanya kazi zaidi kwa mwanga wa mchana, mara nyingi akimpiga mteja picha moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Zilikuwa zimechapwa kwa ukubwa wa kutosha kuona nyuzi za vitambaa. Nyuso zilikuwa nyeusi na hakuna hata moja iliyopotea. Alitueleza pia habari za kadi za Shirley, picha za wanawake weupe ambazo maabara nyingi za picha za rangi zilizitumia kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1950, kusawazishia rangi. Ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mashine zile. Jambo hilo liliniuma usiku ule na bado linaniuma. Asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya Mama, nilitaka kwa moyo wote picha yake itoke na rangi yake mwenyewe.

Nikaweka tundu la lenzi f/2.8, kasi ya 1/125 ya sekunde, nikapiga chache. Uso bado ulikuwa umekazwa. Nikaweka kamera chini, nikamuuliza zamu za usiku wodini zilikuwaje.

Akaanza kidogo kidogo. Kuna wagonjwa, alisema, ambao unajua hali yao imebadilika kabla hujagusa chombo chochote, kwa jinsi wanavyolala tu. Alikuwa akiongea na dirisha zaidi kuliko na mimi. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe, ukashika kifundo cha mkono wa kushoto, vidole viwili vikalala juu ya mshipa. Midomo ikatulia. Nilibonyeza mara moja, nikangoja, nikabonyeza tena, kisha nikamwacha amalize hadithi yake.

Mchana alinipiga yeye. Alinitazama muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipiga picha, na alipiga chache mno. Zaidi ya nusu ya zile 36 hakuzitumia.

Jioni tulichapa picha ndogo ndogo, tukazipanga kwenye meza ndefu. Hapo palikuwa na sharti jingine, na kwangu lina thamani kuliko yote: mwenye picha anyamaze, na wengine waseme kwanza wanachokiona, wala si kama wanaipenda. Ukiwa peke yako na kompyuta yako unajipa majibu yote. Unajua ulikusudia nini, kwa hiyo unakiona hata kama hakipo. Mezani pale makusudio yako hayasikiki, imebaki karatasi tu. Kwa ajili ya saa ile moja ninamshauri kila anayependa picha aende warsha angalau mara moja, hata kama kamera yake ni ya simu.

Walipofika kwenye picha ya Mama walikaa kimya kidogo. Mmoja akataja mwanga wa shavuni. Mwingine akasema gauni na ukuta vimetengana vizuri ingawa vyote ni vya giza. Ndipo kijana mmoja, mpiga picha za harusi ambaye hakujua lolote kuhusu kazi ya zamani ya Mama, akauliza, "Huyu anahesabu nini?"

Mama hakuwa mwenye picha, kwa hiyo aliruhusiwa kusema. Akainama, akaitazama kwa karibu, akavua miwani, akaivaa tena. "Mapigo," akasema. "Nilidhani nimeacha." Kisha akatueleza jinsi ya kuyahesabu: nusu dakika, unazidisha kwa mbili, na yakiwa hayaendi sawa unahesabu dakika nzima.

Mkufunzi alipouliza tunataka zoezi gani kesho yake, karibu meza nzima iliomba lilelile, ila tubadilishane wenzi. Mama alimchagua yule kijana wa harusi.