Tulipopwelewa Takwa

Kosa lililotupweleza, maji yakatoka na mashua ikabaki topeni, lilikuwa la kuhesabu maji. Ilikuwa Agosti, siku ya kumi na moja tangu mwezi kuandama, na kusi bado lavuma. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Lamu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Hesabu hiyo iliangukia saa sita mchana, nasi tukaingia hori la Takwa, mkono wa bahari penye magofu ya mji wa kale kisiwani Manda, saa hiyo hiyo. Maji hayakuwa makubwa: bamvua lilikuwa bado siku tatu au nne. Hilo hatukulitia maanani.

Nahodha alitupa muda. "Saa saba na nusu muwe chomboni, wanangu." Tukaitika, "Inshallah, mjomba." Tulirudi saa nane na nusu.

Kilichotuweka ni mji wenyewe. Takwa ilikaliwa tangu karibu 1500 hadi mwisho wa karne ya 17: ukuta kuuzunguka, nyumba zaidi ya mia za matumbawe na chokaa, na msikiti wenye nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Kwenye lipu kuna vyombo vya tanga vilivyokwaruzwa, mistari myembamba kama ya ncha ya kisu. Ukiinama pembeni mwanga ukiupiga ukuta kwa upande, tanga na mlingoti vinajitokeza; ukisimama mbele huoni kitu. Pale ndipo saa nzima ilipopotea.

Na Takwa ni mji mchanga katika visiwa hivi. Kaskazini ya Manda kuna magofu ya mji uliokuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi katika karne ya 9. Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alianza kuchimba 1980, na chini ya msikiti wa mawe akakuta mashimo ya nguzo za misikiti ya miti, ya chini kabisa ikiwa ya karne ya 8. Uislamu wa pwani hii ulianza kwa boriti na udongo, na mimi naona hilo ni jambo kubwa kuliko majumba yote ya mawe.

Manda haina maji baridi ya kutegemewa. Watu wa Takwa walivuka mkondo wakahamia Shela, kisiwani Lamu, ambako vilima vya mchanga hunyonya mvua na kuihifadhi. Visima vya huko ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu hadi leo.

Tulikuta mashua imekaa topeni. Kijana mmoja akataka tuisukume, nahodha akamkataza: chini kuna mizizi ya mikoko, mkuku, uti wa chini wa chombo, ukiburuzwa juu yake mbao huachana na kalafati iliyoziba mianya yake hutoka. Alitia magadi, miti ya kuegemeza chombo kisilale, mawili kila ubavu, akaweka vipande vya ubao chini yake yasizame. Chombo kikilala ubavu topeni, maji yakirudi huingia juu ya ukingo kabla hakijaelea, na hapo umekipoteza. Maji yalikauka kabisa jioni, karibu na saa kumi na mbili, tukabaki na mbu, tende na nusu dumu la maji ya kunywa.

Saa nne na nusu usiku mashua ikatikisika. Nahodha akang'oa magadi, la nyuma mwisho, tukapiga pondo kimya kimya katikati ya mikoko hadi mkondoni, mwezi ukiwa upande wa Shela.